Kikapu Chekundu

Bangili ilipotetemeka mkononi, Mzee Anyelwisye Mwakatundu alisimama pale pale kwenye kona ya jiko, akageuza uso kuelekea migombani, akasubiri. Hatua zilikuwa za mkamwana wake, Subilaga, mke wa mwanawe Lusekelo. Kwa miaka sita alikuwa amezizoea: nyepesi, za haraka haraka, kisigino cha kushoto kikiburuzika kidogo. Asubuhi hiyo zilikuja polepole. Zilisimama katikati ya ua, zikakaa hapo kitambo, kisha zikaendelea mpaka nyumba ndogo. Mlango ukafungwa na bangili ikatulia.

Ndivyo walivyoishi. Katika ukoo huo wa Tukuyu baba mkwe na mkamwana wake hawaonani uso wala hawasemezani, na wala si chuki. Ni heshima, tena nzito. Wazee wa zamani walikuwa wakijikohoza kila kona ili kupishana. Vijana wa siku hizi, ambao hawakutaka kuacha mila wala kukohoa kutwa nzima, walibuni bangili mbili zinazotetemeka wenye nazo wanapokaribiana hatua ishirini. Kukiwa na neno la lazima, lilipitia kwa mtu wa tatu, hata kama huyo wa tatu hajui bado kufunga viatu.

Kwa hiyo Anyelwisye alikuwa amekaa ua mmoja na Subilaga tangu harusi, akala mboga zake, akanywa chai yake yenye mchaichai, akambembeleza mtoto wake, na sura yake hakuijua. Hata picha za harusi zilitundikwa nyumba ndogo, asikoingia. Alichokuwa nacho ni huyo mjukuu, Kisa, miaka miwili na ushei, mwenye mwanya mpana katikati ya meno ya mbele. Kwa akina Mwakatundu hakuna mwenye mwanya. Mzee alishawahi kujiuliza umetoka wapi, akaona hilo si swali la mkwe.

Mkewe, Tupokigwe, aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu vya mjini. Hapo Anyelwisye akajua kuna jambo.

"Jicho la hospitali limesema," alisema Tupokigwe. "Mkamwana wako ana saratani. Alhamisi saa nne wanaliondoa titi la kushoto lote, na tezi za kwapani. Halafu dawa za mwaka mzima. Wamemwambia asitegemee kuzaa tena."

"Leo Jumatatu."

"Najua ni Jumatatu, Baba Lusekelo."

"Na Lusekelo?"

"Huko juu simu zinafunguka Ijumaa."

Mwana wao alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye minara ya anga, zamu ya miezi minne minne, na mnara wake ulizungumza na dunia mara moja kwa wiki. Ijumaa atapiga simu, atamkuta mkewe ameshakatwa. Anyelwisye aliinama akamvua Tupokigwe viatu.

Hakuna aliyebishana na Jicho. Lilikuwa sindano nyembamba yenye mwanga nchani. Likichoma uvimbe, linasoma nyama ikiwa hai, na kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa blauzi jibu liko tayari. Ndani ya siku tatu mikono ya chuma ya hospitali ya wilaya inafanya kazi yake. Tangu lije, wanawake wengi waliokuwa wakichelewa na kufa hawakufa tena, na ile wodi ya zamani waliyokuwa wakilazwa kusubiri mwisho ilikuwa imegeuzwa darasa la wakunga. Anyelwisye alilipenda Jicho. Tena alikuwa mmoja wa waliolifundisha.

"Ana homa?" aliuliza.

"Kidogo. Titi lenyewe ni gumu, jekundu, chuchu imevutwa ndani. Jana likapasuka pembeni likatoa usaha."

"Limetoa nini?"

"Usaha. Kwani hujui usaha?"

Anyelwisye aliweka kiatu chini. "Kisa ameacha kunyonya lini?"

"Miezi minane sasa. Mbona unauliza mambo ya wanawake?"

Anyelwisye alikuwa ameukumbuka ukumbi mmoja huko Mbeya, miaka thelathini nyuma, mafundi wa maabara kumi na watatu wakiwa mbele ya skrini, kila mmoja na vikapu viwili vilivyochorwa chini ya picha. Kikapu chekundu kilikuwa cha saratani, cheupe cha visivyo saratani. Picha ya nyama inakuja, unaitazama, unaisukuma kikapuni, na mashine inajifunza kwa kukutazama wewe. Kikapu cha tatu hakikuwepo. Wabunifu walikuwa wamesema kwamba mashine haifundishwi "sijui".

Lakini mafundi walikuwa na sijui nyingi. Zilikuwapo picha fulani za akina mama walioachisha watoto karibuni, matiti magumu, mekundu, yenye usaha, nyama yake imejaa vinundu. Siyo saratani, lakini kwa macho yaliyochoka zilifanana nayo mno. Anyelwisye, aliyekuwa kiongozi wa ule ukumbi, ndiye aliyeweka kanuni: ukisita, weka chekundu. Walisita mara nyingi, na kila walipositasita walikitii kile kikapu.

"Nataka kuiona nyama yake," alisema.

Tupokigwe alimtazama muda mrefu. "Ya mkamwana wako?"

"Sitaki kumwona yeye. Ile nyama tu, iliyowekwa kwenye nta."

"Titi la mkamwana wako, Anyelwisye." Alipomwita kwa jina ilikuwa ni kwamba amekasirika. "Watu hata kivuli cha mkwe wanakikwepa, wewe unataka kumchungulia mpaka ndani ya ngozi. Na ukikosea? Ukimchelewesha mtoto wa watu, akafa, Lusekelo utamwambia nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Hapo ndipo alipogundua kwamba bangili ilikuwa ikitetemeka. Nyuma ya ukuta wa matete uliotenga jiko na kibaraza cha nyumba ndogo, mtu alikuwa amekaa tangu lini, hawakujua.

"Kisa," ilisema sauti ya Subilaga, taratibu, "mwambie bibi amwambie babu kwamba ile nyama ni yangu. Kesho nitamwomba daktari ampe."

Kisa alitokea mlangoni akiwa na kiatu kimoja. "Babu," alisema, "mama anakupa nyama."

Tupokigwe alijifunika uso kwa kanga, na hata leo haijulikani kama alikuwa akicheka au akilia.

*

Daktari Redempta Kayuza alikuwa na miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Bukoba, na hadubini alikuwa ameitumia mara moja tu, chuoni, kutazama maji ya bwawa. Jumanne saa tatu asubuhi alifungua chumba cha mafagio nyuma ya hospitali, akasogeza ndoo mbili, akafunua turubai lililofunika hadubini na vyombo vya zamani vya maabara.

"Shikamoo, Mzee wangu. Ndivyo vilivyobaki."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi ndiye niliyebaki."

Sheria ilitaka kipande cha kila nyama kitunzwe kwenye nta kwa miaka kumi, ingawa hakuna aliyekitazama. Sheria hiyo hiyo ilikuwa na kifungu cha jicho la pili: binadamu mwenye leseni ya kusoma nyama anaweza kuomba upasuaji usogezwe kwa wiki sita. Kifungu hicho hakikuwa kimetumika kwa miaka kumi na mmoja. Leseni ya Anyelwisye ilikuwa hai bado, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa hadubini yake ya nyumbani alikuwa akiwatazamia majirani majani ya migomba yenye ugonjwa na viazi vyenye baka, na walimlipa kwa mkungu wa ndizi na maneno mengi.

Rangi ziliagizwa kutoka Mbeya zikaletwa na ndege ya mizigo isiyo na rubani kabla ya chai ya saa nne. Kisu cha kukatia nta kilikuwa kizima. Mikono ya Anyelwisye ndiyo haikuwa mizima. Alipokishika kipini vidole vilicheza, akaviangalia kwa hasira, vikacheza zaidi.

"Kata wewe," alimwambia Redempta. "Zungusha polepole. Usikivute, kiache chenyewe kije. Unaona kinavyotoka utepe? Sasa kiweke juu ya maji ya uvuguvugu, kitajinyoosha chenyewe."

Redempta alipasua utepe wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Wa nne ukatoka mwembamba, ukatandazika juu ya maji bila mkunjo hata mmoja, na daktari akacheka kwa furaha ya mtu aliyekaanga chapati yake ya kwanza ikawa duara. Wakauokota kwa kioo, wakaukausha, wakautia rangi ya zambarau kisha ya waridi, kama ilivyokuwa ikifanyika kabla wote wawili hawajazaliwa.

Kioo kilipokuwa tayari Anyelwisye aliinama kwenye lenzi, halafu akainuka bila kutazama.

"Kuna nini, Mzee wangu?"

"Ni mkamwana wangu huyu." Akamweleza habari ya bangili. Redempta alisikiliza huku akijizuia asitabasamu, kisha akaona kwamba jambo lenyewe si la kutabasamu.

"Humo hana uso," alisema.

"Ndiyo. Lakini ni yeye."

Alibaki amesimama. Moyoni alimwomba radhi Subilaga, kisha mwanawe, kisha marehemu baba yake, ambaye angemfukuza na fimbo. Alipomaliza kuwaomba wote aliketi, akatazama.

Alitazama kwa saa mbili. Vijumba vya maziwa vilikuwa vimevamiwa, kila kimoja kimezungukwa na kinundu cha seli za ulinzi zilizoshikana, na kati yao seli kubwa kubwa zenye viini vingi. Katikati ya vinundu kulikuwa na matundu matupu ya mafuta, kingo zake zimejaa usaha. Alizitafuta seli za saratani, zile zinazojipanga foleni moja moja kwenye nyuzi za nyama mpaka mtu wa haraka azipite. Alizitafuta kwenye vipande kumi na kimoja, pembe kwa pembe. Hakuziona.

"Inaweza kuwa kifua kikuu," alisema. "Kinaingia hata kwenye titi, na kinapenda vinundu. Tia ile rangi nyekundu."

Rangi nyekundu haikuonyesha kitu. Wakatia ya tatu, ya kutafutia bakteria. Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa Anyelwisye alipoacha kusogeza kioo na kupumua kwa nguvu.

"Njoo. Tazama ndani ya lile tundu tupu, karibu na ukingo."

Redempta aliinama. "Vijiti? Vidogo, vya zambarau. Vinne. Hapana, vitano."

"Hao. Wanakaa kwenye mafuta, mwili unawazingira, titi linavimba na kuwa jiwe. Wanawapata zaidi waliotoka kunyonyesha. Inatibika kwa vidonge vya kuua bakteria, na vya kutuliza uvimbe baadaye kama havitoshi, na subira. Subira nyingi, maana ugonjwa unaweza kwenda mwaka ukiacha na kurudi. Lakini hakatwi mtu titi."

"Kwa nini Jicho halikuviona?"

"Liliviona. Jicho linaona kuliko mimi na wewe. Nililifundisha mimi kwamba kitu cha namna hii kinaitwa saratani."

Akamweleza habari ya vikapu. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akahesabu kimoyomoyo wanawake aliowapeleka kwenye mikono ya chuma kwa miaka mitatu, waliokuja na wekundu na usaha. Anyelwisye aliona midomo yake ikihesabu, naye akashindwa kumwambia aache.

"Basi saini, Mzee wangu," alisema Redempta hatimaye.

"Nikisaini na kumbe saratani imejificha pembeni, mahali sindano haikufika? Imewahi kutokea. Saratani ina tabia ya kukaa nyuma ya uvimbe mwingine." Akaifuta miwani isiyo na vumbi. "Jicho likikosea, mtu anapoteza titi. Mimi nikikosea, anapoteza roho. Ndiyo maana niliweka ile kanuni. Sikuiweka kwa ujinga."

Fomu ya jicho la pili ilikuwa fupi. *Una uhusiano na mgonjwa?* Akaandika: *Ni baba mkwe wake.* *Umewahi kumwona mgonjwa?* Akafikiri kidogo, akaandika: *Hapana.* Redempta alisoma jibu hilo mara mbili, akaliacha lilivyo.

Swali la mwisho halikuwa swali. *Kama msomaji ni ndugu, atamweleza mgonjwa mashaka yake yote kwa kinywa chake mwenyewe, bila mtu wa kati, na mgonjwa ndiye atakayeamua.*

"Bila mtu wa kati," Anyelwisye alirudia.

"Nitakuja nishuhudie," alisema Redempta. "Sheria inanitaka nishuhudie tu. Siruhusiwi kusema kwa niaba yako."

*

Jumatano mchana Tupokigwe aliweka mkeka upande mmoja wa ukuta wa matete na kigoda upande wa pili. Alimfunga Kisa mgongoni ili asije akajifanya tarishi. Redempta alisimama mlangoni, mahali alipoweza kuwaona wote wawili, naye ndiye pekee aliyewaona hivyo siku hiyo.

Bangili ya Anyelwisye ilitetemeka mfululizo. Alimsikia Subilaga akikaa, akasikia na bangili ya upande wa pili ikivuma kwenye mkeka. Mwanamume wa miaka sabini na mmoja, aliyewahi kuhutubia mawaziri kuhusu nyama za watu, hakujua aanze na neno gani.

"Subilaga," alisema.

Ng'ambo ya matete pumzi ilikatika. Hakuwahi kumwita.

"Abee, Baba."

Alimwambia yote aliyoyaona, taratibu, bila kupamba. Alimwambia habari ya vijiti vitano. Alimwambia kuhusu ukumbi wa Mbeya na kanuni ya kikapu chekundu, na kwamba kanuni ilikuwa yake. Kisha akafika mahali alipokuwa akipaogopa tangu jana.

"Nilikuwa kijana, kabla ya Jicho. Akaja mama mmoja, tulimwita Mama Asifiwe. Titi lake lilikuwa jekundu kama lako, lina usaha kama lako. Nikatazama kioo, nikaona vinundu, nikaandika si saratani. Ilikuwepo nyuma. Alikufa baada ya miezi saba, na kila alipokuja kliniki alinisalimia vizuri, ananiletea parachichi. Ndiyo maana nikaweka chekundu. Sikutaka tena kumwambia mwanamke yeyote kwamba yuko salama." Akakisogeza kigoda karibu na matete. "Na wewe sikuambii kwamba uko salama. Nakwambia nilichokiona. Naamini si saratani. Naamini sana. Lakini niliamini na ile siku."

Kuku alipita kati yao chini ya matete, kwake mila hazikumhusu.

"Baba," alisema Subilaga. "Ile siku ulitazama vipande vingapi?"

"Kimoja. Tulikuwa na wagonjwa wengi."

"Na vyangu?"

"Kumi na kimoja. Kwa rangi tatu."

"Na ungekuwa umekosea, ungejuaje, safari hii?"

Anyelwisye alishangaa kuulizwa swali la maabara na mtu aliyemjua kwa mchaichai. "Wiki mbili za dawa, usaha ungepaswa kupungua. Wiki sita, uvimbe ungepaswa kulainika. Usipolainika, tunachoma sindano upya sehemu nyingine, na hapo sitasubiri hata siku moja. Nitakupeleka mwenyewe."

"Mwenyewe vipi, na bangili hii?"

Tupokigwe alikohoa. Redempta aliangalia viatu vyake.

"Nitatembea mbele," alisema Anyelwisye, "nimekupa mgongo."

Subilaga alicheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye maumivu, maana hata kucheka kulimuuma. Halafu akalia, na alilia kwa muda, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Anyelwisye aliyaona matete yakicheza pale alipoegemea, akaweka kiganja chake upande wake wa ukuta, mahali hapo hapo. Alijua hamwoni. Alikiacha.

"Tangu Jumatatu," alisema Subilaga alipopata sauti, "watu wote wananiambia nina bahati kwamba Jicho limewahi. Hakuna aliyeniambia anaogopa. Nilidhani ninaogopa peke yangu." Akapenga kamasi. "Nitasubiri, Baba. Wiki sita. Daktari, andika kwamba nimeamua mimi, asije Lusekelo akamgombeza baba yake."

"Nimeandika," alisema Redempta.

"Ndaga, mwanangu," alisema Anyelwisye, na shukrani hiyo ya kwao haikuhitaji kupitia kwa mtu.

*

Wiki mbili za kwanza usaha haukupungua, na Anyelwisye alikonda. Wiki ya tatu ulipungua. Ya tano ulirudi mahali pengine, sentimita mbili kutoka pale pa zamani, naye akakesha siku tatu akijiona muuaji, mpaka Redempta alipomkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba ugonjwa huu una tabia ya kuacha na kurudi. Ya sita walichoma sindano upya mahali patatu. Daktari alikata vipande peke yake, akavitia rangi peke yake, na kumpigia simu mzee aje atazame. Vinundu vilikuwa vimesinyaa, saratani haikuwemo. Lusekelo, ambaye kila Ijumaa alikuwa akiuliza maswali yale yale kutoka angani, safari hiyo hakuuliza kitu. Walisikia tu anavyopumua.

Katikati ya wiki hizo Anyelwisye aliandika barua kwa wasimamizi wa Jicho. Aliiandika mara nne, kwa kuwa aliogopa wanawake wakisikia mashine imekosea wataacha kwenda, na wale walio na saratani ya kweli ndio watakaokufa. Mwisho aliandika ukweli bila kuupaka rangi: kanuni ni ya nani, iliwekwa kwa nini, picha za namna gani zirudiwe, na kwamba kikapu cha tatu kiongezwe. Hawakumjibu kwa miezi miwili. Kisha siku moja mama mmoja wa Kiwira, aliyeachisha mtoto majuzi, alichomwa sindano pale wilayani, na kwenye skrini likatokea neno ambalo Redempta hakuwahi kuliona hapo: *Sijui. Tafuta jicho la pili.* Alimpigia Mzee simu huku akicheka na machozi, na tangu hapo chumba cha mafagio kikawa na kibao mlangoni: *Jicho la Pili*.

Mwezi wa nane tangu dawa zianze, asubuhi ya jua baada ya mvua, Anyelwisye alikuwa kibarazani, jicho kwenye hadubini, akitazama jani la mgomba wa jirani. Bangili ikaanza kutetemeka. Kwa mazoea aligeuka kuelekea migombani, akasubiri hatua zipite.

Zilikuja za haraka haraka, kisigino cha kushoto kikiburuzika. Hazikupita. Zilipanda ngazi mbili za kibaraza, zikasimama nyuma yake, na bangili ikatetemeka mpaka kiwiko kikafa ganzi. Alisikia kikombe kikiwekwa mezani. Mchaichai.

"Limekauka, Baba," alisema Subilaga. "Kovu lenyewe dogo, kama la ndui. Jana daktari amesema dawa basi."

"Ashukuriwe Mungu," Anyelwisye aliijibu migomba.

"Baba."

"Naam."

"Umeniona mpaka ndani ya tundu la mafuta. Ukahesabu na wadudu wangu. Sasa uso una nini?"

Tupokigwe alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, tayari kukemea. Hakukemea. Kilisikika kitu kikifunguliwa, kisha bangili ya Subilaga ikawekwa mezani kando ya kikombe, na ile ya mzee, kwa kukosa mwenzake mkononi mwa mtu, ikaendelea kutetemeka kwa ajili ya meza. Akaivua na yeye. Ilimchukua muda.

Aligeuka polepole. Alianza na miguu, kwa adabu, akapanda mpaka kwenye mikono iliyoshika ncha ya kanga, halafu akatazama. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mweusi, mwembamba kwa ugonjwa uliopita, macho yamejaa maji na hayakwepi. Alikuwa akitabasamu bila kujua afanye nini na mdomo wake.

"Kumbe," alisema Mzee Anyelwisye, "mwanya ni wako."